Yule Ndege wa Mabaka Mekundu

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ni siku niliyopanda mbegu ya mama mkwe wangu yote, mpaka punje ya mwisho, kwa sababu nilikuwa nimemwona ndege. Ndiyo, ndege. Cheka kwanza, umalize, halafu unisikilize.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Uhuru tulikuwa tumeupata juzi juzi tu. Nilikuwa nimeolewa kutoka upande wa Rongo nikaletwa huku ufuoni mwa ziwa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Homa Bay mjini. Kwetu Rongo udongo ni mwekundu na mvua haina maringo. Unapanda Machi, unapanda tena Agosti ikielekea Septemba, na mara zote mbili unavuna. Huku ufuoni nikakuta udongo mweusi unaopasuka nyufa wakati wa jua, na mvua ambayo huijui hata kama ina mpango na wewe. Hayo nilikuwa nayaona kwa macho, lakini akili yangu ilikuwa bado iko Rongo.

Mume wangu alikuwa kibarua wa majani chai kule Kericho, anakuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Baba mkwe alikuwa ameshatangulia. Kwa hiyo bomani tulikuwa wawili tu, mimi na mama mkwe. Watu walimwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kwa sababu alizaliwa kule Karungu, upande wa Migori, ufuoni pia. Mimi nikawa Nyar Rongo. Wanawake wa huku tunaitwa hivyo. Ukiolewa unabeba jina la kwenu mpaka kaburini.

Nikwambie ukweli, hatukupatana mara moja. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi, wee, nilikuwa na mdomo! Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, na wakati ule msichana wa darasa la saba alijiona kama daktari. Isitoshe, sisi kwetu tulikuwa Wasabato, na baba yangu alikuwa amekata kabisa mambo ya mila. Mama mkwe alikuwa Mkatoliki. Mimi nikipumzika Jumamosi, yeye akipumzika Jumapili, na jirani yetu Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, akatucheka kwamba boma letu ndilo pekee duniani lenye siku mbili za kukaa bure.

Mila moja ndiyo iliyonikera zaidi. Katika boma la Wajaluo, mama mwenye boma ndiye anayetia mbegu ya kwanza ardhini. Wake za wanawe wanafuata nyuma yake. Hata mvua ikinyesha mpaka vyura waingie ndani, wewe unangoja. Ukimtangulia, wazee wanasema umeleta balaa kwenye nyumba. Mimi nilikuwa nasema moyoni, hawa watu, mbona wanangoja mtu wakati mvua haingoji?

Sasa sikia habari ya ndege.

Nilifika Februari. Kila asubuhi tulikwenda pamoja kuteka maji, na njia ilipita kwenye matope mapana ambapo ziwa lilikuwa limerudi nyuma. Matopeni pale kulikuwa na ndege wadogo wengi wenye miguu mirefu, wa rangi ya majivu juu na weupe chini, wanachomekachomeka midomo kwenye tope bila kupumzika. Sikuwajali. Ilipofika mwisho wa Machi nikaona wengine, wekundu kama tofali vifuani na matumboni, wazuri ajabu. Mama mkwe akasimama na mtungi wake kichwani, akawatazama, akatazama na mawingu, akasema neno moja tu: "Wamevaa."

Siku hiyo hiyo akatwaa mbegu, akaenda shambani, akatia punje ya kwanza. Mimi nikafuata. Baada ya siku nne mvua ikaja, na kweli mtama wetu ulitoka wote kwa pamoja.

Mimi, msomi, nikaweka akilini: kuna ndege wa majivu, hana maana. Kuna ndege mwekundu, yeye analeta mvua. Ukimwona mwekundu, panda. Sikuuliza "wamevaa" maana yake nini. Kuuliza ningeonekana mjinga, na mimi nilikuwa tayari kuonekana chochote ila mjinga. Wale wekundu wakakaa wiki chache, wakaondoka kabla ya Mei kuingia, na mimi nikawaaga kama mtu anayewafahamu.

Tulivuna vizuri. Mama mkwe akachagua masuke makubwa, moja moja, akayatundika jikoni juu ya meko ili moshi uzuie wadudu. Hiyo ndiyo mbegu. Na haikuwa mbegu ya sokoni, mwanangu. Ilikuwa mtama mwekundu, mchungu kidogo, ambao ndege wa shambani hawaupendi, na jua la huku haliutishi sana. Alikuja nao kutoka Karungu siku alipoolewa, mama yake amemfungia kwenye kitambaa. Boma lile lilikuwa limekula mtama ule miaka zaidi ya thelathini. Ukiisha, hatukuwa na mwingine wa kupanda.

Mwisho wa Agosti habari ikaja kutoka Oyugis kwamba binti yake amejifungua na hana nguvu. Mama mkwe akafunga mzigo wake. Mlangoni akaniambia, "Nyar Rongo, chunga nyumba. Mbegu iko juu ya meko." Basi. Alimaanisha niichunge na panya. Mimi nikasikia kana kwamba nimekabidhiwa funguo za ghala la Farao.

Haikupita wiki. Asubuhi moja nafika matopeni, nakuta ndege wamejaa, na wengine wana wekundu! Si wote, na si wekundu wa kujaa. Ni mabaka tu, hapa tumboni, pale ubavuni, kama nguo iliyotiwa viraka. Lakini wekundu ni wekundu. Nikainua macho, nikaona mawingu yamepanda upande wa milimani. Na ni Septemba, na kwetu Rongo wakati huo kila mtu yuko shambani. Moyo wangu ukaruka. Nikaacha maji pale pale, nikarudi mbio.

Nataka ujue jambo moja ili usinihukumu vibaya. Sikufanya kwa dharau tu. Nilitaka arudi akute shamba la kijani. Nilitaka asimame pale njiani na mzigo wake, ashike mdomo, aseme, "Kumbe mwanangu ameoa mtu." Tangu nifike hakuwa amenisifu hata mara moja, na nilikuwa na kiu ya hiyo sifa.

Nilikuwa nimeinama shambani Min Akinyi alipopita na kuni zake.

"Nyar Rongo, unafanya nini? Mwenye boma hayupo."

"Ndege wekundu wamekuja," nikamjibu.

"Wekundu? Mwezi huu?" Akanitazama kama mtu anayetafuta homa usoni mwangu. "Hata kama, mama yako hajatia mbegu. Mngoje."

"Mvua haiwezi kumngoja mtu aliyeko Oyugis," nikasema.

Akatikisa kichwa akaenda zake. Maneno yale, nikiyakumbuka leo, bado uso unaniwaka. Nikapanda mchana kutwa, nikapanda na kesho yake. Sikubakiza suke moja juu ya meko. Nilisema, nusu ya nini? Nikipanda nusu, shamba litaonekana kama kichwa chenye mapunye.

Mvua ikanyesha siku mbili. Nikaimba, mwanangu, nikaimba nyimbo za kanisani mpaka Min Akinyi akaniuliza kama ni Sabato. Mtama ukachungulia. Halafu jua likatoka, na likakaa. Wiki ya kwanza miche ikainama. Wiki ya pili ikawa rangi ya majani makavu. Wiki ya tatu nilipiga magoti nikachimba kwa vidole nikitafuta hata punje chache ambazo hazikuota, nizisafishe, nizirudishe. Njiwa na kwale walikuwa wameniwahi. Sikupata hata ya kujaza kiganja.

Na kule matopeni kitu cha ajabu kilikuwa kikitokea. Kila nikienda kuteka maji wekundu ulikuwa umepungua. Leo mabaka matano, kesho matatu, kesho kutwa hakuna. Ndege wa majivu tu. Nikaamini kwamba wale wekundu wamenikimbia, kwamba hata ndege wamejua nilichofanya. Niliogopa hasa. Mtu wa darasa la saba, Msabato safi, nikawa namwogopa ndege.

Nilifikiria kufunga virago nirudi Rongo. Nilifikiria pia jambo baya zaidi. Siku ya soko nilitembea mpaka Rodi Kopany nikatafute mtama mwingine, niutundike juu ya meko, mama mkwe asijue. Nikafika. Nikainama kwa mwanamke mmoja, nikashika mtama wake kiganjani. Mweupe, laini, mzuri wa kusaga. Nikajiona vile nitakavyomtazama mama mkwe usoni Machi yote akitia ardhini kitu nilichomdanganyia. Nikaurudisha ule mtama, nikatembea kurudi nyumbani mikono mitupu. Katika ujinga wangu wote wa mwaka ule, hilo moja silijutii.

Akarudi Oktoba ilipoanza. Nilimwona kwa mbali, anakuja na fimbo yake, na njia yake ilipita ukingoni mwa shamba. Hakusimama. Akaingia jikoni moja kwa moja, akainua uso juu ya meko. Kamba zilikuwa zinaning'inia tupu.

"Imepandwa?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Yote."

Akakaa chini. "Nani alikwambia?"

"Niliona ndege. Wale wekundu. Nikajua ni wakati."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa. Badala yake machozi yakamtoka, polepole, bila sauti, mwanamke ambaye watu walisema hakulia hata siku ya kumzika mumewe. Akasema, "Ile ilikuwa mbegu ya mama yangu." Hapo ndipo nilipovunjika. Nililia mpaka nikashindwa kusimama, na nilipomwambia nitarudi kwetu kesho, akafuta uso kwa kanga yake akasema, "Kesho tunakwenda kuteka maji."

Kesho yake tukaenda. Akaweka mtungi chini pale penye matope.

"Haya. Wale wekundu wako, wako wapi?"

"Wameondoka, mama."

"Hawajaondoka. Ndio wale." Akanyoosha kidole kwa ndege wa majivu.

Nikacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefiwa. Hakujali. Akaniambia nitazame mdomo. Kweli, mdomo mrefu, mweusi, umepinda kidogo kwa chini penye ncha. Akaniambia nitazame miguu. Myeusi. Halafu akapiga makofi mara moja, kundi zima likaruka, na kila mmoja akaonyesha doa jeupe mgongoni juu ya mkia.

"Machi, wale wekundu waliporuka, uliona weupe ule?"

Nikafikiri. Niliuona. Nilikuwa nimeuona mara nyingi. "Niliuona."

"Na mdomo?"

"Ni huu huu."

"Basi ni huyu huyu. Huyu ndege hubadilisha nguo."

Kundi likatua tena. Akatafuta kwa macho muda mrefu, akanishika mkono. Pembeni kulikuwa na mmoja aliyechelewa, amebakiza baka moja jekundu tumboni, limefifia, limechakaa.

"Mtazame huyo vizuri. Anavaa, au anavua?"

Nikamtazama. Nikamtazama tena. Mwanangu, nilikuwa na majibu ya kila kitu tangu nizaliwe, lakini siku ile nikasema, "Sijui."

"Sasa," akasema Nyar Karungu, "umesema neno la kwanza la akili tangu uingie boma langu."

Akanifundisha. Ndege huyu, watu wa pwani wa kule Mombasa nilikuja kusikia humwita chamchanga, hakai kwetu mwaka mzima. Agosti na Septemba anafika kutoka mbali. Nguo yake nyekundu imeisha njiani, imepauka, na anaivua kipande kipande mpaka abaki majivu. Hapo anakula tu na kupumzika. Mvua ya kuaminika bado iko mbali. Lakini Machi ikifika anaanza kuvaa upya. Unaanza kuona kidoa kimoja kifuani, halafu viwili, halafu wekundu unajaa, na unyoya ule ni mpya. Ukichungulia utaona kila unyoya una ukingo mweupe, kama umepakwa unga. Huyo anajiandaa kusafiri, na ndipo wakati wetu wa kupanda unapokaribia. Lakini pia alinionya nisimfanye ndege mungu. Unamtazama ndege, unausikiliza upepo wa ziwani, unaangalia chungu wanapohamisha mayai, na wote wakikubaliana ndipo unatwaa jembe.

"Wanakwenda wapi wakishavaa?" nikauliza. Nilikuwa nimeanza kuuliza, na ilikuwa tamu.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kufika."

Mbegu sasa. Mahali pekee palipoweza kuwa na mtama ule palikuwa Karungu, kwa mke wa kaka yake. Na hapa uelewe. Mwanamke aliyekuja kuolewa akiwa na mbegu ya kwao, kurudi baada ya miaka thelathini na kusema imekwisha, ni aibu. Watasema alikuwa mvivu, au mlafi aliyekula mpaka mbegu. Tulitembea siku mbili kupitia Ndhiwa, mimi nyuma yake, na njia nzima nilikuwa najiandaa. Nilikuwa nimeapa kwamba mimi ndiye nitakayesema. Nitapiga magoti niseme, ni mimi, mama huyu hana kosa.

Mke wa kaka yake akatukaribisha, akatupatia samaki na ugali. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika ng'ambo. Mama mkwe alipoeleza haja yake, yule mwanamke akaweka bakuli chini.

"Imekwisha? Wewe Nyar Karungu? Imekwishaje?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi.

"Tulikosea majira," akasema.

"Nyinyi mlikosea majira! Yaye! Wewe uliyekuwa unatufundisha sisi wote hapa!" Akacheka mpaka akaita na jirani aje kusikia. Jirani naye akacheka. Mama mkwe akakaa pale, mgongo wima, akala samaki wake, akaacha kicheko kimmalize kabisa. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Walipochoka kucheka wakatupatia mbegu, kibuyu kimoja kidogo. Mwaka ule na wao hawakuwa na nyingi. Kingetosha shamba letu mara moja tu.

Njia nzima ya kurudi sikuthubutu kumuuliza kwa nini alisema "tulikosea". Nilikibeba kile kibuyu kifuani kama mtoto mchanga, na sikukubali anipokee hata tulipovuka mto.

Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa ndege. Kila asubuhi nikitoka matopeni, mama mkwe ananiuliza, "Habari zao?" Nami natoa habari. Desemba, majivu watupu. Januari, majivu, lakini wamenenepa. Mwisho wa Februari mvua kubwa ikanyesha siku tatu, na majirani wengi wakaingia shambani. Min Akinyi akapita na jembe begani, akaniita, "Nyar Rongo, mwaka huu ndege wako wanasemaje?" Mkono uliniwasha, mwanangu. Kibuyu kilikuwa juu ya meko, udongo ulikuwa laini. Nikashuka matopeni mara mbili siku ile. Nikaona vidoa. Mmoja ana kidoa kifuani, mwingine shingoni, wengi hawana kitu.

"Habari zao?" akauliza mama mkwe.

"Wameanza kuvaa. Hawajafika mbali."

"Kwa hiyo?"

Kwa mara ya kwanza aliniuliza, na nilijua kwamba nikikosea hatuna Karungu ya pili. "Bado," nikasema.

Hakubishana. Jua likarudi, likakaa wiki mbili, na waliopanda wakapanda tena. Min Akinyi akaja kuketi jikoni kwetu, hakucheka safari hii, akaniuliza tu huwa natazama nini. Nikamwambia yote.

Ilipofika mwisho wa Machi nilisimama pale na mtungi, nikawaona vifua vimejaa. Wekundu wa tofali, na kila unyoya una ule ukingo wake mweupe. Upepo ulikuwa umegeuka. Njiani nilikuwa nimevuka msafara wa chungu wamebeba mayai. Sikukimbia. Nilijaza maji yangu, nikarudi polepole.

"Habari zao?"

"Wamevaa, mama."

Akateremsha kibuyu. Tukaenda shambani. Akainama, akatia punje ya kwanza, akafunika kwa udongo. Halafu akanijazia kiganja changu, na hapo ndipo nilipopata ujasiri.

"Mama, kule Karungu. Mbona ulisema tulikosea? Ni mimi."

Akanyoosha mgongo. "Miezi saba tulikuwa tunateka maji pamoja pale matopeni. Nikijua wale ndege, na sikufungua mdomo. Nilisema, huyu amesoma, acha aone mwenyewe. Nilikuachia mbegu, sikukuachia ndege. Sasa hapo nimwambie mke wa kaka yangu ni nani aliyekosea?" Akainama tena. "Panda. Jua linapanda na wewe umesimama."

Mvua ilikuja siku ya tatu, na ikakaa. Mwezi wa saba tulitundika masuke mengi mpaka kamba zikalegea, na mama mkwe akanituma mimi mwenyewe nirudishe Karungu kibuyu chao, kikiwa kimejaa mpaka shingoni. Kunisifu hakunisifu. Ila siku ile nilipokuwa naondoka nilimsikia akimwambia Min Akinyi kule nyuma ya jiko, "Nyar Rongo ana macho." Nilitembea mpaka Ndhiwa sikuhisi miguu.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na nazisema wazi ili usije ukasema bibi alikusimulia ndege tu. Jifunze kusema "sijui" ukiwa bado kijana, maana ukizeeka nalo kooni halitoki. Ukipewa kitu cha watu ukitunze, uliza kinatunzwaje, uliza hata wakikucheka. Ukikosea, usitafute mtama mweupe wa kutundika mahali pa mwekundu. Kaa hapo, ngoja mwenye nyumba arudi. Na ukimwona mtu mwenye mabaka, leo ana kazi kesho hana, leo kanisani kesho kilabuni, usikimbilie kusema anaishia. Yule anayevaa na yule anayevua, kwa mtazamo wa siku moja, wanafanana. Rudi umtazame kesho, na kesho kutwa. Wengi niliowakatia tamaa nimewaona wakijaa rangi mbele ya macho yangu, na nimefurahi kuwa nilikosea.

Na siku yako ya kuwa mkubwa itakuja, hata kama sasa huioni. Siku hiyo utakuwa na mtu chini yako, na atakuharibia kitu unachokipenda. Kabla hujamfokea, jiulize ulimfundisha nini na ulinyamazia nini.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mvua kwa wakati wake na macho ya kuiona inakuja. Na siku utakayokosea, kwa sababu utakosea tu, akupe mtu wa kuketi karibu nawe mbele ya wanaocheka, aseme, "Tulikosea." Nawe ukipewa, usimnyime mwingine.